Othofoto ya droni au ya ndege? Jinsi ya kupima ubora wa picha kabla ya kulipia kazi ya Mombasa

Anayetaka othofoto ya mtaa wowote wa Mombasa siku hizi huletewa bei mbili. Moja ni ya droni, imeandikwa sentimita 3 kwa pikseli, yaani kwa nukta moja ya picha. Nyingine ni ya ndege yenye rubani, kamera kubwa imefungwa tumboni, sentimita 10 kwa pikseli. Wengi huishia hapo hapo: tatu ni ndogo kuliko kumi, basi droni imeshinda. Kamati za mitaa huchagua hivyo, wasanifu huchagua hivyo, na hata masovea wazoefu. Naandika haya kwa sababu naona kazi nyingi nzuri zikiharibika kwa uamuzi huo. Namba ile inakwambia pikseli moja imefunika ardhi kiasi gani. Kilichomo ndani ya pikseli ni habari nyingine.

Kwa asiyeizoea, othofoto ni picha ya angani iliyonyooshwa mpaka ikawa na kipimo kimoja kila mahali, ukaweza kupima umbali juu yake kama unavyopima juu ya ramani. Picha ghafi haiko hivyo. Kamera huinama kidogo hewani, lenzi hupinda kingo, na chochote kilichosimama juu ya ardhi, kama paa, mnazi au mnara, husukumwa kuelekea nje ya picha. Programu hurekebisha hayo kwa kutumia modeli ya miinuko, kisha hushona vipande vya picha nyingi viwe shuka moja. Kila hatua kati ya hizo ina namna yake ya kuiharibu picha, na droni na ndege haziharibu kwa namna moja.

Hesabu iliyo nyuma ya namba

Ukubwa wa pikseli ardhini hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa pikseli ya kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na urefu wa kuruka, kisha kugawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Chukua droni ya kawaida ya kazi: kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, pikseli 5,472 kwa 3,648, lenzi ya milimita 8.8. Ikiruka mita 100, kila pikseli hufunika sentimita 2.7, na picha nzima hufunika mita 150 kwa 100. Sasa chukua kamera ya ndege yenye pikseli za mikroni 4 na lenzi ya milimita 100. Kwa mita 2,500 inatoa sentimita 10, na kama upana wake unazidi pikseli 26,000, picha moja inafunika zaidi ya kilomita 2.6 kwa upande mmoja na kama 1.7 kwa mwingine.

Kisiwa cha Mombasa kina kilomita za mraba kama 14. Ndege hukimaliza kwa picha makumi tu, hata zikipandana, yaani kila picha ikirudia sehemu ya jirani yake, asilimia 80 kwa mbele na 60 kwa ubavu. Droni, kwa kupandana asilimia 80 na 70, itahitaji picha zinazokaribia 15,000 au kuzidi. Iweke tofauti hiyo akilini, kwa sababu mambo mengi yanayofuata yanatoka humo: mishono mingi, saa nyingi za kuruka, jua linalosogea na mawingu yanayopita kazi ikiendelea.

Ukali wa picha

Hapa ndipo ningeanza ukaguzi. Fungua sampuli, tafuta kitu chenye ukingo mnyoofu na rangi mbili zinazopingana: mistari myeupe ya kivuko cha miguu kwenye Digo Road, alama za maegesho, ukingo wa paa lililopakwa rangi. Kuza mpaka uone pikseli moja moja, kisha hesabu ni pikseli ngapi zinatumika kutoka weusi wa lami hadi weupe wa rangi. Zikiwa mbili au tatu, picha ni kali. Zikifika tano au sita, sentimita 3 ulizouziwa zipo kwenye faili tu, na undani unaouona ni wa picha yenye pikseli kubwa zaidi. Fanya hivyo kwa mstari unaofuata mwelekeo wa kuruka na kwa ule unaoukata. Ukungu ukiwa upande mmoja tu, kosa ni mwendo wa chombo. Ukiwa pande zote, angalia lenzi au fokasi.

Mwendo una hesabu yake pia. Droni inayokwenda mita 8 kwa sekunde, shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, ikifunguka kwa 1/500 ya sekunde, husogea sentimita 1.6, ambayo haifiki pikseli moja. Lakini jioni ya mawingu kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, inaweza kushuka hadi 1/100, na hapo umesogea sentimita 8, karibu pikseli tatu. Ndege inayokwenda mita 60 kwa sekunde husogea sentimita 12 ndani ya 1/500 ya sekunde. Ndiyo maana kamera kubwa za ramani huwa na utaratibu wa kufidia mwendo huo ndani yake, na ukipewa bei ya ndege isiyo na kamera ya aina hiyo, uliza wanafidia vipi. Kwa droni, uliza kama shata ni ya kimekanika. Kihisi kinachosoma picha mstari kwa mstari kwa muda wa 1/30 ya sekunde huivuta picha zaidi ya robo mita kwa mwendo ule ule wa mita 8.

Kuna udanganyifu mmoja unaopendeza macho, nao ni kunolewa kupita kiasi. Picha hafifu hupitishwa kwenye programu mpaka kingo zikawaka. Utautambua kwa utepe mweupe mwembamba unaozunguka kila paa, kama kwamba nyumba zimechorwa kwa chaki. Picha ya namna hiyo humfurahisha mteja kwenye mkutano, ila sovea anayechora mpaka wa ploti hajui tena ukingo wa kweli uko ndani ya utepe au nje yake. Mimi huikataa.

Kwa kazi kubwa, dai kipimo badala ya jicho peke yake. Bango la nyota lenye miali myeusi na myeupe, likilazwa chini kabla ya kuruka, huonyesha kwenye picha ni wapi miali inaanza kuchanganyika kuelekea katikati, na kutoka hapo unapata uwezo halisi wa picha kutenganisha vitu. Gharama yake ni ya kitambaa kilichochapishwa. Droni na ndege zote mbili zinaweza kupimwa hivyo, mradi bango la ndege liwe kubwa zaidi kwa kadiri pikseli zake zilivyo kubwa.

Paa lililolala na paa lililoyeyuka

Hili ndilo jambo linalotenganisha kazi hizi mbili kuliko yote, na mara chache huandikwa kwenye bei.

Othofoto za ndege mara nyingi hunyooshwa kwa modeli ya ardhi tupu, yaani majengo na miti vimeondolewa. Barabara zinakaa mahali pake, lakini jengo linabaki limelala kuelekea nje ya picha. Kiasi cha kulala hutegemea urefu wa jengo na umbali wake kutoka chini ya kamera. Jengo la mita 30 la katikati ya mji, likiwa mita 926 kutoka chini ya kamera iliyo mita 2,500, hulala mita 11. Huo ndio umbali wa mbali kwa ubavu picha zikipandana asilimia 30 tu. Zikipandana asilimia 60, umbali wa mwisho unashuka hadi kama mita 530, na jengo lile lile hulala mita 6 na kidogo. Kwa hiyo asilimia ya kupandana kwa ubavu ni namba yenye uzito kuliko sentimita za pikseli, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa mtu akitaka kushusha bei.

Pembe ndiyo inayolaza jengo, na droni haina kinga dhidi ya pembe. Ikiwa mita 100 juu, nyumba ya mita 10 iliyo mita 22 kutoka chini yake, ikinyooshwa kwa ardhi tupu, ingelala mita 2.4. Nenda Mji wa Kale na upime baadhi ya vichochoro kwa mikono yako: kulala kwa namna hiyo kunakifunika kichochoro kizima, mlango, baraza na mfereji wa maji machafu pamoja.

Programu za droni huikwepa shida hiyo kwa kutumia modeli ya uso, ile yenye mapaa na miti ndani yake, iliyotokana na picha zenyewe. Jengo linasimama wima. Lakini modeli hiyo hukosea kwenye kingo, na kosa lake huandikwa juu ya picha: ukingo wa paa unakuwa wa mawimbi, nyaya za umeme zinakatika vipande, mnazi unageuka doa la kijani lisilo na umbo. Mabati mapya huumia zaidi. Yanang'aa na hayana alama za kutosha, kwa hiyo programu inashindwa kulinganisha nukta za picha moja na nyingine. Makuti, ambayo mtu angeyadhania magumu, hutoka vizuri kabisa kwa sababu kila jani ni alama. Ukitazama othofoto ya droni ya Bamburi utaona banda la hoteli la makuti limetulia na karakana ya mabati iliyo jirani imeyeyuka.

Ipi ni mbaya zaidi? Kwa maoni yangu, paa lililolala ni kosa la uaminifu: unaliona, unajua limeelekea wapi, unaweza kuchora msingi wa jengo badala ya paa. Paa lililoyeyuka ni gumu, kwa sababu hujui kila wimbi limesogezwa kiasi gani. Lakini pale ambapo jengo lililolala linaficha ardhi unayoihitaji, huna la kuchora kabisa. Kwa vichochoro vya Mji wa Kale, basi, nachukua wimbi la droni kuliko kilichofichwa na ndege, kwa sharti kwamba picha zipandane asilimia 80 pande zote mbili.

Fort Jesus ni mahali pazuri pa kujaribu. Kuta zake za mawe ya matumbawe, zilizoanza kujengwa mwaka 1593, ni ndefu, nene na nyoofu. Ukiuona uso wa ukuta upande mmoja, picha imelala. Ukiona ukingo wa juu umejikunjakunja, modeli ya uso imekosea. Ukiuona ukuta mara mbili, yaani nakala ya ukuta ule ule imejirudia kando, programu imenyoosha kwa modeli ya uso bila kuangalia ni sehemu gani kamera haikuweza kuziona. Kosa hilo la mwisho likijitokeza, rudisha faili.

Mwanga, rangi na vivuli

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la utosini tunalijua vyema. Karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba linapita wima kabisa juu ya vichwa, mnamo saa sita na dakika kadhaa mchana. Kwa vichochoro ni neema: vivuli vinakuwa vifupi na mwanga unafika chini. Lakini saa hiyo hiyo maji ya Kilindini, vioo na mabati hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Mahali palipochomeka pakawa peupe tupu hapana tena habari, na hakuna programu ya kuirudisha.

Angalia histogramu ya faili, yaani grafu inayoonyesha kila ngazi ya mwanga ina pikseli ngapi. Faili la biti 8 lina ngazi 256 tu za mwanga, kutoka 0 hadi 255. Kama kuna mlima umesimama kwenye 255, mapaa na fukwe zimechomeka. Kama upo kwenye 0, vivuli vimezama. Kamera kubwa za ndege huhifadhi ngazi nyingi zaidi, biti 12 na kupanda, kwa hiyo ndani ya kivuli cha jengo bado unaweza kuinua mwanga ukaona gari limeegeshwa. Droni nyingi huhifadhi picha ya JPEG ya biti 8 iliyobanwa, na ukiinua mwanga wa kivuli unapata chenga na vijisanduku vya rangi. Kwa upande huu ndege inashinda bila ubishi. Ukichagua droni, agiza picha ghafi zihifadhiwe bila kubanwa, na othofoto itolewe kwa faili lisilopoteza kitu.

Mawingu hugeuza upande. Mawingu meupe ya mchana ya pwani mara nyingi hukaa chini ya ndege iliyo mita 2,500, na rubani anaweza kungoja siku kadhaa bila kupata mwanya. Droni inapita chini yake. Ila inapita kwa saa nyingi, na kila wingu linapofunika jua rangi inabadilika. Othofoto ya droni ya mtaa mzima wa Kisauni inaweza kutoka na viraka, nyumba moja ya rangi ya asubuhi na jirani yake ya rangi ya alasiri. Kwa kuchora mipaka si tatizo kubwa. Kwa anayetaka kutenganisha aina za mimea kwa rangi, ni sumu. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ndiyo yenye nafuu kwa njia zote mbili. Mei, masika yakiwa yamekolea, sioni sababu ya kumlipa mtu.

Mishono na maji

Mshono mzuri hupita katikati ya barabara au uwanja. Mbaya hukata paa. Fuata reli na daraja lolote lenye mstari mrefu. Mstari ukivunjika, pima umeruka kiasi gani. Kanuni za ASPRS, chama cha Marekani cha fotogrametria (upimaji kwa picha), za mwaka 2014 ziliweka kikomo cha mruko wa mshono kuwa mara mbili ya kosa la nafasi lililoahidiwa, na ni kipimo chepesi kukitumia hata huku kwetu. Kule Likoni utaiona feri imekatwa katikati au imetokea mara mbili. Hilo lisikutishe, kitu kinachotembea hakina mahali pamoja. Nyumba iliyokatwa ndiyo ya kutisha.

Juu ya maji droni hudhoofika, kwa sababu programu yake hutegemea kulinganisha alama za picha mbili, na mawimbi hayatulii. Utapata mashimo, au bahari iliyojikunja. Ndege yenye vifaa vizuri vya kurekodi mahali na mwinamo wa kamera inaweza kuiweka picha mahali pake hata kama yote ni maji. Lakini kwa miamba ya ufukweni na mikoko ya Mkondo wa Tudor, ningeangalia saa kuliko chombo. Jua likishapanda nyuzi 50, mmeto wa jua juu ya maji unaingia kwenye picha ya droni, na kwetu hapa hiyo ni karibu na saa nne asubuhi. Katika bamvua maji nayo hupwa sana mnamo saa nne au saa tano. Mwenye busara anachagua siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua, maji yanapopwa mapema zaidi, na anamaliza kuruka kabla ya saa tatu na nusu. Asiyekuuliza habari za maji kujaa na kupwa anapokuuzia picha ya pwani hajui kazi ya pwani.

Setilaiti sijaigusa. Za biashara zilizo bora hutoa kama sentimita 30, na kwa kuangalia mji unavyopanuka zinatosha. Kwa ukingo wa paa au ploti hazimo kwenye mashindano haya.

Basi uchague ipi

Kwa kaunti nzima, ambayo nchi kavu yake inazidi kilomita za mraba 200, chukua ndege. Rangi itakuwa moja, mishono michache, na kazi itakwisha kabla msimu haujageuka. Dai kupandana kwa asilimia 60 kwa ubavu hata kama bei itapanda, na ukipunguziwa bei kwa kurudi asilimia 30, ukatae.

Kwa Mji wa Kale, kwa mtaa mmoja wa Majengo, kwa ploti za familia kule Mtongwe zinazogawanywa, chukua droni, mradi kibali kiwepo. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinaiweka kazi hiyo chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na mji huu una uwanja wa ndege Changamwe, bandari, na kambi ya jeshi la wanamaji Mtongwe. Anayekwambia ataruka leo jioni bila karatasi anakuweka wewe hatarini pamoja naye.

Kwa mikoko, droni asubuhi na mapema ikiwa eneo ni dogo, ndege ikiwa ni mkondo wote. Upepo wa kusi huyumbisha majani kati ya picha moja na nyingine na kuitia modeli ya uso makosa, kwa hiyo hata hapa kaskazi tulivu ni bora.

Usichanganye ubora wa picha na usahihi wa nafasi. Picha kali yaweza kuwa imekaa nusu mita pasipo pake. Omba orodha ya alama za kuhakiki zilizopimwa ardhini, ambazo hazikutumika kuiweka picha. Toleo la 2023 la kanuni zile za ASPRS linataka zisipungue 30. Kwa ploti chache ni nyingi mno, lakini sifuri si jibu.

Kabla ya kusaini, omba sampuli ya hekta moja, na mahali pachague wewe. Usipokee sampuli ya uwanja wa mpira au barabara pana ya Nyali, huko kila picha ni nzuri. Taka Mji wa Kale penye kichochoro, au mtaa wa mabati mapya ulio kando ya maji. Pamoja nayo taka picha ghafi mbili za mahali hapo hapo, modeli ya miinuko, na faili la mishono. Mkatabani andikeni idadi ya pikseli za ukingo mtakayoikubali, asilimia za kupandana, na nani atalipia kuruka upya ikiwa sampuli ya mwisho haifanani na ya kwanza. Tarehe ya kuruka upya iwe kabla ya masika.